Tawi la Wagonjwa na Tawi la Kazi

Vijana wangu wa chumba cha mashine,

Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili, nami nikasema mawili kweli, asanteni na karibuni, kwa sababu soda zilikuwa zinapata joto. Haya ndiyo yaliyobaki. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua, ndio huohuo wenu. Nitaandika juu ya kosa langu kubwa kuliko yote na watu walionitoa ndani yake, maana nawasikia kila wiki mkibishana tujenge juu ya tawi gani la programu, na mnabishana kana kwamba swali hilo limezaliwa jana.

Nilipokusanya vitu vyangu nilichukua karatasi moja tu kutoka kwenye droo. Nitaifikia.

Niliingia hospitali yetu ya Gisenyi mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia Tabora, kwa wazazi Wanyarwanda, na nilikuwa na cheti cha kutengeneza redio na televisheni. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa hapa. Siku ya kwanza nilipokewa na Faustin, fundi wa redio, mtu mnene aliyetembea na karanga mfukoni na ambaye alifanya kazi Goma miaka mingi kabla ya kuvuka mpaka kurudi kwao. Hakuniuliza jina. Alinipa bisibisi na redio iliyojaa mende, akasema, "We Mutanzania, fungua hii. Mende ikikukimbiza, rudi kwenu. Isipokukimbiza, tutakula pamoja saa sita."

Saa sita tulikula pamoja. Jina langu, Consolata, alilitumia mara chache sana katika miaka yote tuliyofanya kazi wote, na kila mara ilikuwa kuna jambo zito.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha hospitali na vituo vya afya vya milimani. Simu huko hazikuwepo, na barabara ilikuwa na siku zake. Siku nyingine gari lilipita, siku nyingine hakuna mtu mwenye akili aliyejaribu. Kwa hiyo tulituma barua kwa redio. Kompyuta ya kituo iliandika, redio ikaimba kwa sauti ya kuudhi, na kompyuta yetu ikasoma. Kituo kilichotutegemea kuliko vyote kilikuwa kilimani, juu ya senta ya Mahoko, na muuguzi wake aliitwa Laurence. Mwanamke mwembamba, asiyepoteza neno. Akimpata mjamzito aliyemshinda, aliandika ujumbe kuomba gari la wagonjwa, na gari likapanda. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya mashine zetu zote. Ukiondoa hilo, tulikuwa watu wawili wenye nyaya nyingi.

Programu iliyopeleka barua hizo ilikuwa na jina refu la kigeni. Sisi tuliiita Njiwa. Ilikuwa programu huria: walioitunga waliitoa pamoja na msimbo wake, na yeyote aliweza kuurekebisha na kuwarudishia marekebisho yake. Waliitunza katika matawi mawili, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Tawi la namba shufwa, 1.2, lilikuwa tulivu. Halikuguswa ila kuziba tundu. Tawi la namba witiri, 1.3, lilikuwa la kazi. Humo ndimo walimojenga mambo mapya, na kila wiki lilibadilika.

Sisi tulitumia 1.2, na 1.2 ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mawimbi yakikatika katikati ya barua, ilianza kuituma upya toka neno la kwanza. Siku ya mvua, na hapa mvua mnaijua, ujumbe wa mistari sita ulichukua asubuhi nzima. Laurence aliandika mara moja: "Nimengoja saa nne. Mimba haingoji." Nilibandika ujumbe ule ukutani, na uliniumiza kila nilipoutazama.

Kisha nikasikia kwamba 1.3 inakata barua vipande vipande, na mawimbi yakirudi inaendelea pale ilipoishia. Nilifurahi mno. Laini yetu ya simu iliweza kubeba barua fupi za intaneti lakini si msimbo mzima, kwa hiyo msimbo ulikuja kwa njia nyingine. Shemeji yake Mama Furaha alifanya kazi Goma katika ofisi yenye dishi. Mama Furaha mwenyewe alivuka mpaka kila siku akiuza sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Shemeji alipakua, akajaza disketi, naye Mama Furaha akazifunga katika plastiki na kuzilaza chini ya samaki. Kwenye kizuizi kidogo cha mpakani askari alimuuliza hizo ni nini. Akamjibu, "Ni dawa ya hospitali, lakini mashine ndiyo inameza." Askari akampisha. Chumba chetu kilinuka sambaza, na paka wa duka la dawa akawa mfuasi wa kwanza wa tawi la kazi mjini Gisenyi.

Nilisoma 1.3 kwa siku tatu, nikaijaribu mezani, ikaenda. Faustin akaniuliza, "Wenyewe wanasema nini juu ya hii?"

Nikamwambia wameandika kwamba bado ni ya kujengea, isitumike pale ambapo kazi ni ya lazima.

"Bon. Na ya Laurence ni ya lazima ao si ya lazima?"

Nilimjibu kwamba watu wale ni waoga, kwamba tawi tulivu ndilo linalotuua, kwamba kila mvua ni hatari. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilikuwa nimesoma msimbo kwa siku tatu. Faustin alitafuna karanga zake. Alisema mimi ndiye ninayejua mashine hizi, yeye anajua redio. Alhamisi nilipanda Mahoko na gari la hospitali, nikaweka 1.3 kwenye mashine ya Laurence, na Ijumaa nikaiweka kwenye yetu. Nilimwonyesha Laurence jinsi skrini itakavyoandika neno "imefika" barua ikikamilika. Alifurahi. Alinipa viazi vya kupeleka nyumbani.

Jumanne mchana lori la kreti za bia liliingia hospitalini na kusimama mbele ya wodi ya wazazi. Juu ya kreti alilala mwanamke amefunikwa turubai, na Laurence ameketi kando yake, amelowa mpaka mifupa. Mimi nilikuwa natoka kununua chai. Mwanamke yule alikuwa na mapacha, wa kwanza amekaa vibaya, na damu ilikuwa imeanza kutoka tangu asubuhi. Laurence alituma ujumbe. Akangoja. Gari halikuja. Ndipo wanaume wa kilimani walipombeba mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa, mpaka barabara kuu ya Mahoko, na dereva wa kwanza kusimama alikuwa wa bia.

Walipokwisha kumwingiza mgonjwa, Laurence alikuja chumbani kwetu. Maji yalimtiririka mpaka sakafuni. Hakupaza sauti.

"Nimetuma saa tatu asubuhi," alisema. "Mashine yako imeniandikia imefika. Imefika wapi, Consolata?"

Nilitafuta. Ujumbe ule haukuwemo popote katika mashine yetu.

Mwanamke yule alipona. Watoto wote wawili walizaliwa hai. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyekuwa zamu, na namshukuru dereva yule ambaye sikuwahi kulijua jina lake. Mpaka leo nikiliona lori la kreti likitoka kiwandani Rubona nalipungia mkono, na madereva wa siku hizi nadhani wananiona mlevi. Lakini siku ile sikujua kama atapona. Nilikaa kwenye ngazi za wodi mpaka nikaambiwa, na nilijua kwamba kama angekufa, asingeuawa na mvua wala na barabara. Angeuawa na mimi niliyechagua tawi.

Kesho yake Faustin nami tuliitafuta sababu. Ilikuwa ndogo ajabu. Njiwa wa 1.3 alivishika vipande vilivyofika katika kumbukumbu ya mashine tu, bila kuviandika kwenye diski. Umeme ulikatika kwetu saa tatu na dakika chache. Uliporudi, mashine yetu iliamka haikumbuki kitu, ikaulizwa na ya Laurence kama kuna kipande kinachokosekana, ikajibu hakuna. Na kweli, kwa mashine iliyosahau yote, hakuna kinachokosekana. Walioitunga programu ile hawakuwa wajinga. Walikuwa tu watu wa nchi ambayo umeme haukatiki katikati ya barua.

Tulirudi 1.2 siku ileile, pole pole yake na ukweli wake. Lakini Laurence hakuturudia. Tangu wiki ile kila ujumbe wake wa gari la wagonjwa ulikuja mara mbili: mmoja kwa redio, mwingine kwa karatasi mikononi mwa Sebahire, mkulima jirani wa kituo, mtu wa makamo mwenye miguu mirefu na kofia ya sufu. Alishuka kutoka kilimani mpaka mjini, sehemu kwa miguu, sehemu kwa basi dogo likiwepo. Alibeba daftari. Nilitakiwa kuandika humo ujumbe wa redio ulifika saa ngapi na yeye alifika saa ngapi, kisha niweke sahihi. Siku za mvua alinishinda mara nyingi. Hakuwahi kunicheka. Alivua kofia, akaikamua nje mlangoni, akasema, "Dada, leo tena mi ndiye wa kwanza," na nikaweka sahihi. Shamba lake, niliambiwa na wengine, lilikuwa linamea magugu.

Daftari lile ndilo lililonifanya nishindwe kukaa. Nikaapa nitamtibu Njiwa mwenyewe. Na kwa kuwa 1.3 ilikuwa imeniaibisha, sikutaka hata kuiona. Nilijenga juu ya 1.2. Miezi miwili nilikata barua vipande, nikaviandika kwenye diski, nikatunga upya kitu ambacho wenzangu walikuwa tayari wamekitunga nusu. Nikawapelekea waandishi kwa barua-pepe, kidogo kidogo. Nilitegemea shangwe. Mtunzaji wa programu, mtu ambaye sijamwona mpaka leo, alijibu kwa adabu kabisa. Kazi ni safi, alisema, lakini 1.2 imefungwa kwa mambo mapya, na ikifunguliwa kwa ajili yangu haitakuwa tulivu tena kwa mwingine. Je, naweza kuleta wazo hilohilo juu ya 1.3?

Nilikasirika. Nikamwambia Faustin basi, nitaweka yangu kwenye mashine zetu na dunia ibaki na yake. Tutakuwa na Njiwa wa Gisenyi.

Faustin aliweka chini chuma cha kulehemu. "Sikiliza," alisema. "Pale Goma tulikuwa na émetteur moja ya zamani, ile ya kurusha sauti hewani. Ikaja fundi mukali, akabadilisha ndani, sauti ikatoka muzuri sana, hata Bukavu walisifu. Kisha akaenda zake. Ikaharibika. Tukafungua: hakuna hata waya moja mwenye ilikuwa kwa kitabu. Ile mashine mpaka leo kuku inalala ndani. We utaishi hapa siku zote? Hautaolewa Kigali? Hautakufa?"

Nikamjibu kwamba vyote viwili viko mbali.

"Donc kazi ufanye kwenye wenzako wanafanyia kazi, ili siku hauko, wao wako. Na wagonjwa uwaache kwenye haitikisiki. We ulichanganya: ulipeleka wagonjwa kwa chantier, kwenye bado wanajenga. Sasa unataka kuleta chantier kwa wagonjwa. Apana."

Nimesikia mengi tangu hapo kuhusu matawi, mengine kwa michoro ya rangi, na sijasikia lililozidi hilo.

Duka la dawa lilikuwa na kompyuta mbili za zamani zilizongoja kutupwa. Tukazichukua, tukaziunganisha kwa waya chini ya dirisha, na Faustin akaziandika kwa rangi nyekundu: KAZI. Juu ya ile ya redio akaandika WAGONJWA, na akaweka sharti kwamba disketi iliyoingia KAZI haitaingia WAGONJWA hata kwa bahati mbaya. Sharti lile mmelikuta na mkadhani ni la idara. Ni la Faustin.

Kila alasiri nilituma barua kutoka KAZI moja kwenda nyingine, na Faustin alisimama ukutani. Nilikuwa sijui atakata lini. Akitangaza, "Mi ndiye courant. Courant inaenda," plagi ilikuwa tayari mkononi mwake. Alikata kwenye kipande cha kwanza, cha katikati, cha mwisho. Alikata mara mbili kwa mfululizo. Siku moja alikata akaenda kula. Alikuwa umeme wa kweli kuliko umeme. Na pale, juu ya 1.3, nikaona jambo lililoniaibisha na kunifurahisha pamoja: kazi iliyonichukua miezi miwili juu ya 1.2, hapa ilikuwa kiraka kidogo cha ukurasa mmoja. Vipande vilikwishajengwa. Kilichobaki ni kimoja tu, kuandika kipande kwenye diski kwanza, halafu ndipo useme nimekipokea.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kung'ang'ania kiraka mpaka king'ae. Nilipokipeleka, mtunzaji akaniambia hakikai tena. Tawi lilikuwa limekwenda mbele wiki tano, na sisi tulikuwa nyuma yake kwa mabeseni kadhaa ya sambaza. Nikakirekebisha, likaenda tena. Mama Furaha ndiye aliyeniuliza, akiwa ameweka beseni mlangoni, kwa nini nimenuna. Nilimweleza. Akasema, "Mi sambaza sikusanyi. Nikingoja ijae ndoo, ya chini imeoza. Uza yenye uko nayo leo." Nikakigawa kiraka vipande vitatu. Kila wiki nilipeleka kimoja, kidogo, juu ya disketi zilizokuja wiki ileile. Vyote vitatu vilipokewa. Mtunzaji alibadilisha majina niliyochagua, akaniuliza ninavyojaribu. Nilimweleza kuhusu Faustin na plagi. Aliandika kwamba tangu siku ile naye anavuta plagi ya mashine yake, na mke wake amelalamika.

Halafu ikabaki kungoja, na kungoja ndiyo sehemu ya kazi yetu isiyofundishwa chuoni. Tawi la kazi lilipaswa litulie kwanza, lipewe namba shufwa, 1.4. Miezi mingi. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja. Sebahire alishuka, nikaweka sahihi. Nilikuwa na dawa kwenye meza ya KAZI, inafanya kazi mbele ya macho yangu, na hatua nne kutoka hapo mashine ya WAGONJWA ilikuwa inaanza ujumbe wa Laurence upya toka neno la kwanza. Mara moja, mara moja tu, nilishika disketi nikasimama.  Faustin alisukuma karanga upande wangu wa meza. Nikakaa.

1.4 ilipotoka Mama Furaha aliileta katika disketi tisa, na siku hiyo, kwa heshima, alizibeba mkononi bila samaki. Tuliipiga kwa mwezi mzima kwenye KAZI. Kisha nikaiweka kwenye WAGONJWA kwa disketi mpya, nikapanda Mahoko mimi mwenyewe. Laurence alinitazama nikifunga na kufungua, mikono amekunja.

"Hii nayo itaniandikia imefika?"

"Itakuandikia ikiwa imefika," nilisema. "Tumeikatia umeme mara nyingi kuliko ulivyowahi kukatika."

"Sawa," alisema. "Sebahire ataendelea kushuka."

Sikuwa na haki ya kunung'unika. Sebahire aliendelea. Sasa alifika na kukuta gari limekwisha kuondoka. Baadaye akawa anakutana nalo njiani, na dereva akimpigia honi. Alifika hata hivyo, akavua kofia, nikaandika nyakati zile mbili katika daftari. Pengo kati ya nyakati hizo likawa refu, wiki baada ya wiki, na kila wiki daftari lilirudi kilimani kusomwa na mtu asiyepoteza neno.

Ikaja Jumanne moja ya mvua nzito, ziwa halionekani. Ujumbe wa Laurence uliingia asubuhi: mjamzito, kifafa cha mimba, leteni gari. Umeme ulikatika kwenye kipande cha tatu. Ukarudi. Kipande cha nne kikaingia, cha tano, na gari likatoka. Nikaandaa kalamu, nikaketi kumngoja Sebahire. Saa sita hakuja. Saa nane hakuja. Nikaanza kuogopa, maana barabara ilikuwa ileile na siku zake. Nikasimama getini bila mwavuli nikitazama upande wa Mahoko. Mwisho nikarudi ndani, nikaandika: "Gari limefika kwenu? Sebahire hajafika. Amepatwa na nini?"

Jibu lilikuja kipande kwa kipande. Nililichapa, na ndiyo karatasi niliyoondoka nayo. Imeandikwa:

"Gari imefika, mama anapona. Sebahire iko shamba. Nimemwambia asishuke tena, alime."